Yana Mizizi? Wasifu wa Dada Yetu, Mama Matete

Wafiwa wenzangu, majirani wa mtaa wetu, wafanyakazi wa kiwandani, nanyi mlioacha shughuli zenu mkaja kutoka mbali: poleni, na asanteni sana. Nimepewa dakika tano. Ratiba mliyoshika mkononi ina wasifu ulioandikwa na kaka yetu, nusu ukurasa, na ni mzuri, hauna kosa la tarehe hata moja. Ila ukifika kwenye kazi ya marehemu unasema hivi: "Alifanya kazi katika kiwanda cha kutia rangi vitambaa kwa miaka thelathini na saba." Basi. Nukta. Asubuhi kaka kaniambia, "Soma kama ilivyo, usianze mambo yako." Kaka, utanisamehe. Mimi ni mdogo wa marehemu, ni fundi cherehani, na nguo fupi namna hiyo siwezi kumvika dada yangu leo.

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 9 Machi 1961, katika nyumba ya tatu kutoka mfereji wa kiwanda, nyumba ile ile tulimoutoa mwili wake leo. Alikuwa wa kwanza kati ya watoto watano wa marehemu baba yetu, mlinzi wa lango la kiwanda, na marehemu mama yetu, aliyekuwa akiwafulia watu nguo. Wa pili ni kaka, wa tatu ni mimi, na nyuma yangu wapo pacha, ambao wamekaa pale na wanajifanya hawanijui.

Mfereji ule ulipita nyuma ya choo chetu, ukiwa umebeba kila kilichomwagwa kiwandani. Sisi watoto tulikuwa tukiamka tunakimbia kwenda kutazama. "Leo nyekundu! Leo bluu!" Tulijua kinachotiwa rangi kabla ya mhasibu wa kiwanda kujua. Tulicheka, maana hatukuwa na akili. Miguu ilikuwa ikituwasha hadi tunajikuna damu, mboga za mama zilikauka zikiwa bado changa, na mwaka 1970 maji ya kisima cha mwisho wa mtaa yakaanza kutoka na ukijani. Mama alifulia shuka nyeupe za mteja, zikatoka na madoa ya kijani, na mteja akamtukana mbele yetu. Wakubwa wa mji wakaletewa habari. Walituma mtu na kopo la rangi, akaandika kwenye ukuta wa kisima: USINYWE. Kisha akaondoka zake. Maji mengine hawakuleta. Dada alikuwa na miaka tisa. Alimuuliza baba, "Sasa tunywe nini?" Baba akamwambia, "Nyamaza, mtoto." Hakunyamaza siku hiyo, na hakunyamaza siku nyingine yoyote niliyomfahamu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1968 hadi 1974, kisha sekondari kuanzia 1975 hadi 1978. Huko alifundishwa bayolojia na mwalimu mmoja, mama mfupi, mkali, aliyeamini kwamba mtoto haelewi mpaka achafuke. Mwalimu huyo alitoboa ndoo chini, akaweka kokoto, juu yake udongo, akapanda matete mawili matatu. Yaliposhika vizuri, akamimina maji ya mfereji wetu. Yaliyochuruzika chini hayakuwa meupe pe, lakini harufu ilikuwa imekwisha na rangi imefifia. Dada alirudi nyumbani siku hiyo hakula. Wiki nzima mama alikuwa akitafuta sufuria yake kubwa, ile ya kupikia wageni. Aliikuta nyuma ya choo, imetobolewa kwa msumari mara kumi na nne, imejazwa udongo, na matete yameota ndani.

"Umenitobolea sufuria kusafisha maji ya kiwanda?" mama aliuliza, kandambili iko mkononi. "Maji ya watu?"

"Mama, si ya watu," dada akajibu. "Sisi ndio tunaoyanywa."

Kandambili ilishuka chini taratibu. Sufuria ile haikupikiwa tena, na mama hakuitupa mpaka anakufa.

Baada ya kupata cheti cha ufundi wa maji mwaka 1982, marehemu alizungushwa miaka miwili. Tarehe 2 Februari 1984 aliajiriwa katika kiwanda kile kile, si kama fundi wa maji, maana walisema hawana kitu kama hicho, bali kama muosha chupa wa maabara. Aliosha chupa. Mchana, wenzake wakienda kula, alikuwa uani na mapipa manne yaliyokatwa katikati, akijaribu kokoto hizi na udongo ule, mmea huu na mmea ule. Wakampa jina, Mama Matete, hata mtoto hana. Walidhani wanamtania. Aliliandika kwenye koti lake la kazi, na akaniletea mimi nilidarizi vizuri.

Hapo ndipo anapoingia shemeji yangu. Alikuwa dereva wa lori la kuleta marobota ya vitambaa, kijana mpole asiyejua kusema maneno mawili yakafuatana. Siku moja ya mwaka 1987 alishuka kwenye lori na shada la maua, akamfuata dada uani kwenye mapipa yake, mikono ya dada imejaa tope hadi kwenye viwiko. Dada aliyatazama yale maua, akayageuza chini juu, akauliza, "Yana mizizi?"

Shemeji akasema, "Hapana."

"Sasa nitayafanyia nini?"

Mwanamume mwingine angepanda lori akaenda kutafuta mwenye adabu. Shemeji aliyachukua maua yake akaondoka, na sote tukajua yamekwisha. Mama alilia. Baada ya siku tatu lori likarudi, na nyuma ya marobota kulikuwa na gunia linalochuruzika maji: mizizi ya matete, ameichimba mtoni mwenyewe, na jembe alikuwa ameazima. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 3 Desemba 1988. Mungu aliwajalia watoto watatu, binti mmoja na wavulana wawili, na wote walijifunza kutembea wakiwa na tope magotini.

Mwaka 1996, baada ya kuandika barua kwa miaka minane, marehemu alikubaliwa kujenga mabwawa matatu katika kiwanja kilichokuwa jaa la vyuma chakavu. Naomba nieleze, maana wengi wenu mmepita pale maisha yenu yote mkidhani ni pori. Bwawa la kwanza ni la kutuliza maji, tope lizame. La pili ni pana, lina kokoto na udongo, na humo ndimo matete yalimo. La tatu ni dogo, maji yanapumzika kabla ya kuingia mferejini. Watu husema matete yanakunywa rangi. Dada alikuwa akichukia sana kusikia hivyo. Matete yanapeleka hewa chini kwenye mizizi, na kwenye mizizi wanakaa vijidudu visivyoonekana kwa macho. Hao ndio wanaokula uchafu. Kinachobaki, udongo unakishika. Ila wanataka polepole. Koki ya kuingiza maji inafunguliwa kila asubuhi saa moja, mizunguko miwili na nusu. Ukifungua mitatu maji yanapita mbio bila kusafishwa, ukifungua miwili mizizi inakauka upande wa chini. Miwili na nusu. Alifanya hivyo kila siku, na Jumapili pia, hata siku ya harusi ya binti yake.

Haikuwa kazi ya mwaka mmoja. Lakini mwaka 2003 mfereji ulikuwa na rangi ya chai nyepesi tu, harufu hakuna, na vyura wakarudi. Jamani, mnajua mtaa ulifanya nini? Ulileta malalamiko! Watu ishirini na tisa walitia sahihi kwamba vyura wanapiga kelele hawalali. Wengine wao nawaona hapa. Miaka thelathini hamjamsikia chura, kaja, mnamshitaki. Dada aliisoma barua ile akacheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka, na leo pia sicheki.

Maana hayo ya vyura yalikuwa madogo. Balaa lilikuwa wageni. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kiwandani kwetu mgeni akija, matete yanakufa. Kila ilipotangazwa kwamba anakuja mtu mkubwa, agizo lilitoka ofisini: "Fanyeni usafi." Na usafi wa kiwanda kizima ulikuwa kufyeka bwawa la pili, kwa sababu kutoka dirisha la meneja lilionekana kama pori. Dada mwenyewe alikuwa akiyapunguza matete, lakini fungu moja kati ya matatu kwa mwaka, kwa zamu, mengine yakiendelea na kazi. Wao walifyeka yote kwa mkupuo mmoja, wakakanyaga udongo kwa trekta ukawa mgumu kama barabara, na yaliyobishana na fyekeo wakayang'oa. Kukata ni dakika, mimi nayajua hayo kwa kazi yangu. Kurudishia ndiyo shughuli. Kila mara ilichukua mwaka na zaidi, mfereji ukiwa mwekundu tena, dada akiwa amepiga magoti kwenye tope anapanda upya. Alibandika kibao: HAPA NI KAZINI, SI PORI. USIKATE. Mgeni aliyefuata alipokuja, kibao kiling'olewa, wakasema kinaharibu sura.

Mara sita. Chini ya mameneja watano. Ya mwaka 2007 ndiyo sitaisahau. Safari hiyo walikuja wageni kumi na wawili, wataalamu, wamesikia huko mbali kwamba kuna mwanamke anayesafisha maji ya rangi kwa matete na udongo. Walikuja kuyaona matete. Hawakuja kwa kingine! Dada alinishonesha gauni jipya. Usiku mzima, yeye akiwa kwake amelala, watu walifyeka. Asubuhi wageni walikuta uwanja mweupe, umepangwa mawe pembeni, mawe yamepakwa chokaa.

Kiongozi wao akauliza, "Samahani, matete yako wapi?"

Meneja wa wakati huo akavimba kifua, akajibu, "Tumeshasafisha, mheshimiwa."

Loo! Dada alikuwa amesimama pale na gauni langu. Alivua viatu, akaingia katikati ya uwanja, akachimbua kwa mikono kisiki kimoja kilichobakia na mzizi wake, akawaonyesha wale wataalamu huo tu. Mmoja wao alipiga picha. Gauni halikufaa tena, na wala sikumuuliza.

Siku hiyo hiyo aliandika barua ya sentensi tatu na kuomba isainiwe na meneja. Jibu lilikuwa: "Iko mezani, mama." Akaja meneja mwingine: iko mezani. Akaja huyu tuliye naye: iko mezani. Miaka kumi na saba! Dada alikuwa akisema, "Meza hiyo ni kubwa kuliko mabwawa yangu yote matatu." Tulizoea kucheka. Sasa nikikaa peke yangu najiuliza tulikuwa tunacheka nini. Mtu anaomba sahihi moja, kidole na kalamu, mnamfanya azeeke akiiulizia. Hicho ndicho kinachonichoma, siwezi kukificha, na kama ni kukosa adabu mbele ya jeneza, Mungu anisamehe.

Alistaafu tarehe 31 Machi 2021. Alipewa saa ya ukutani na makofi. Hakuna aliyewekwa mahali pake. Akauliza, "Koki atafungua nani?" Wakasema watatangaza nafasi. Basi akaendelea kwenda mwenyewe kila asubuhi, bila cheo wala mshahara, na walinzi wa lango, mmoja akiwa mjukuu wa aliyempokea baba yetu zamu, walimfungulia kama kawaida.

Novemba mwaka jana alianza kuvimba miguu, na madaktari wakasema ni figo. Tulihangaika naye. Alilazwa Januari, akatoka. Akalazwa tena tarehe 22 Aprili na hakurudi. Hapo ndipo nilipokabidhiwa koki. Mimi, mtu wa sindano! Aliniandikia maelekezo kurasa nne, na siku ya kwanza nilifungua mizunguko mitatu nikajaza viatu maji. Jioni nilipomwambia, alifumba macho akanong'ona, "Mnaniua kabla ya siku zangu." Nilikuwa nampelekea chupa ya maji kutoka bwawa la tatu ili aione rangi. Siku moja muuguzi aliikuta kwenye kabati, akabandika karatasi yenye jina la mgonjwa, akawa anaipeleka maabara. Dada, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, aliinuka kitandani akapaza sauti: "Rudisha hiyo! Si mkojo, ni kazi yangu ya miaka arobaini!" Wodi nzima ilicheka, naye akacheka hadi akakohoa. Nashukuru nilikuwepo.

Usiku wake wa mwisho hakuzungumzia kifo. Alinishika mkono akasema, "Ile barua, usiache ifie mezani." Nilimwahidi. Aliaga dunia Jumanne tarehe 14 Mei 2024, saa tano na dakika ishirini asubuhi, mumewe akiwa pembeni, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu na miezi miwili.

Wasifu wa kaka unaishia hapo, na wangu ungeishia hapo pia. Lakini jana Ijumaa, saa moja asubuhi, nilikwenda na shemeji kufungua koki. Tulikuta nusu ya bwawa la pili haipo. Si kufyekwa, imeng'olewa. Wafanyakazi wawili walikuwa wanafunga matete kwa utepe mweupe, kwa ustadi kabisa. Nikauliza kulikoni. Wakaniambia, "Pole, mama. Meneja ameagiza shada la heshima kwa marehemu." Nikauliza mizizi iko wapi. Mmoja akajibu, kwa upole, kijana wa watu, "Tumeikata tukaitupa. Ilikuwa inachafua gari."

Shada hilo ndilo lile mnaloliona pale mbele, refu kuliko mtu. Bwana Meneja, uko mstari wa kwanza, na umetoa asubuhi yako kuja kutuzika. Asante, sisemi hivi kukuvunjia heshima. Najua ulikuwa na nia njema. Na wale watano waliokutangulia walikuwa na nia njema. Lakini shada lako nimeligeuza chini juu, kama dada angefanya, na swali lake ninyi wote mnalijua.

Leo alfajiri shemeji alitoweka. Kaka alikuwa anahaha, jeneza liko sebuleni na mfiwa mkuu haonekani. Saa tatu likaingia lori la kukodi, naye akashuka na suti yake ya msiba, suruali imelowa hadi mapajani. Lile gunia alilokuja nalo hadi hapa makaburini, pembeni ya turubai, linalochuruzika, msilisogeze na wala si la kaburini. Mizizi haisubiri siku ya tatu, ikikauka imekufa. Tukimaliza hapa, mzee huyu wa miaka sitini na minane anakwenda bwawani kupanda, na mwenye mabuti ya mpira amfuate. Anayetaka kutupa pole, atupe ya namna hiyo.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka mmoja ambaye kwa sasa ananionyesha saa yake, mdogo mmoja mwenye mdomo, pacha wawili, vyura wasiohesabika, mabwawa mawili mazima na moja nusu. Na ameacha barua. Mchapaji wa ratiba alipopiga simu Jumatano kuuliza ukurasa wa nyuma uwe na nini, kaka alisema uachwe mtupu. Mimi nilimpigia baadaye. Geuzeni ratiba zenu. Someni pamoja nami:

"Matete ya mabwawa matatu yasikatwe wala kung'olewa bila idhini ya fundi wa maji. Fundi wa maji awepo. Mgeni akija, aonyeshwe matete yakiwa yamesimama."

Chini yake kuna mstari wa sahihi. Nakala ni mia nne, kila mmoja wenu anayo, kwa hiyo haiko mezani tena. Bwana Meneja, kalamu ninayo hii hapa. Meza makaburini hakuna, nami nainama, andikia mgongoni kwangu. Ukishatia sahihi, hapo ndipo nitakaposoma mstari wa mwisho aliouandika kaka, kwamba dada yetu apumzike kwa amani.